Intaneti ikikwama, nani wa kulaumiwa? Vipimo vyaweza kutoa jibu

KEBO mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika Mei 12, 2024 karibu na pwani ya Afrika Kusini, watumiaji wa intaneti kote Afrika Mashariki walijikuta wakikodolea macho kurasa zisizofunguka. Mamlaka ya Mawasiliano Nchini (CA) ilieleza kwamba mkatiko huo ulitokea katika kituo cha Mtunzini, na kwamba kebo ya TEAMS, inayounganisha Mombasa na Fujairah katika Muungano wa Falme za Kiarabu, haikuwa imeathiriwa. Ukarabati ulichukua zaidi ya wiki mbili.

Katika tukio hilo, angalau chanzo kilijulikana. Siku nyingi za mwaka hali huwa tofauti. Intaneti hudorora, mteja hupiga simu kwa kampuni inayomuuzia huduma, naye huagizwa azime kifaa na kukiwasha upya. Akipiga tena kesho yake, huambiwa kebo ya baharini ina hitilafu. Siku ya tatu lawama humwendea mwenye jengo, na ya nne humrudia yeye mwenyewe na kompyuta yake. Mwezi ukiisha, ada hudaiwa kamili.

Suala la nani anayestahili kubeba lawama haliwahusu mafundi pekee. Wakili anayehudhuria kesi kwa njia ya video, mfanyabiashara anayewasilisha ripoti ya ushuru kabla ya Juni 30, na kijana anayewafanyia kazi wateja wa ng'ambo akiwa nyumbani kwake Rongai, wote hupoteza fedha laini inapozorota. Hata hivyo, zana za kutafutia jibu zimekuwepo kwa zaidi ya miaka 30. Hazigharimu chochote na zimo ndani ya takriban kila kompyuta. Kinachokosekana ni ujuzi wa kuzitumia na, zaidi ya hayo, ujuzi wa kusoma majibu yake bila kujidanganya.

Safari ya pakiti

Data haisafiri katika intaneti kama maji ndani ya bomba. Hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti hupitishwa kutoka mtambo mmoja hadi mwingine, mfano wa kifurushi kinachotoka Nairobi kwenda Mombasa kikikabidhiwa kwa wasafirishaji kadhaa njiani. Mitambo hiyo ya kupokea na kuelekeza huitwa ruta.

Kila pakiti hubeba nambari inayopungua kwa moja inapopita katika kila ruta. Nambari hiyo ikifika sufuri, ruta iliyoipokea huitupa pakiti na kumtumia mwenyewe taarifa kwamba muda wake umekwisha. Kanuni hiyo iliwekwa ili pakiti zilizopotea njia zisizunguke milele na kuujaza mtandao.

Mwishoni mwa miaka ya themanini, mtaalamu wa Marekani Van Jacobson aliigeuza kanuni hiyo kuwa chombo cha uchunguzi. Programu yake, traceroute, hutuma kwanza pakiti yenye nambari 1, ambayo hufia katika ruta ya kwanza. Kisha yenye nambari 2, ambayo hufia katika ya pili. Na kuendelea hivyo hadi mwisho wa safari. Kila ruta inapotuma taarifa ya kifo cha pakiti, hujitambulisha. Mtumaji hupata orodha ya vituo vyote, pamoja na muda uliotumika kwenda na kurudi kwa kila kituo. Katika kompyuta za Windows amri yake huandikwa tracert.

Muda huo hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde. Programu nyingine, ping, iliyoandikwa na Mike Muuss mnamo Desemba 1983, hupima muda wa kwenda na kurudi hadi mwisho wa safari bila kutaja vituo vya katikati. Ping humwonyesha mtu kwamba safari imechelewa, na traceroute humsaidia kukisia ilipochelewa.

Msingi wa kuzisoma takwimu hizo ni kasi ya nuru. Ndani ya nyuzi za faiba, nuru husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Hivyo basi kila kilomita 100 za kebo huongeza milisekunde moja ya kwenda na kurudi. Umbali wa karibu kilomita 500 kati ya Nairobi na Mombasa hauwezi kuchukua chini ya milisekunde tano. London, iliyo karibu kilomita 6,800 kutoka Nairobi hata kama kebo ingenyooshwa kama uzi, haiwezi kufikiwa kwa chini ya milisekunde 68, na kwa kuwa kebo hufuata bahari, muda halisi hupita 100. Hakuna kampuni iwezayo kuuza kifurushi cha kushinda kasi ya nuru, hata mteja akilipa kiasi gani.

Ni kwa hesabu hiyo athari za Mei 2024 zinavyoeleweka. Kampuni nyingi za kimataifa huhudumia eneo hili kutoka vituo vya kuhifadhi data vilivyoko Johannesburg na Cape Town. Njia ya pwani ya mashariki ilipofungwa, data iliyokuwa ikielekea huko ililazimika kutafuta njia nyingine. Ikizungukia Ulaya, safari ya Nairobi hadi London, kisha London hadi Johannesburg, ni zaidi ya kilomita 15,000, na haiwezi kukamilika kwa chini ya milisekunde 150. Zaidi ya hayo, data yote iliyohamishwa ilibanana katika kebo chache zilizosalia. Aliyefanya traceroute siku hiyo angeweza kuona vituo vikibadilika na muda ukipanda, hata kabla ya taarifa rasmi kutolewa.

Somo la KIXP

Thamani ya kuijua njia ilidhihirika hapa nchini zaidi ya miaka 20 iliyopita. Mwishoni mwa miaka ya tisini, barua pepe iliyotumwa kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda nyingine iliyo ng'ambo ya barabara ilikuwa ikipaa hadi kwenye setilaiti, kushuka Ulaya au Marekani, na kurejea kwa njia iyo hiyo, iwapo ofisi hizo zilitumia kampuni tofauti za intaneti. Setilaiti za aina hiyo huelea kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka, kwenda na kurudi, huchukua karibu nusu sekunde hata kabla ya ruta yoyote kufanya kazi yake.

Kampuni za intaneti, kupitia chama chao cha TESPOK, ziliamua kujenga mahali pa kubadilishana data humu humu nchini. Kituo hicho, KIXP, kilifunguliwa mwishoni mwa mwaka 2000. Shirika la Telkom Kenya, ambalo wakati huo lilikuwa na haki ya kipekee ya mawasiliano ya kimataifa, lililalamika kwamba kituo hicho kilikiuka haki yake, na Tume ya Mawasiliano (CCK) ikaamuru kifungwe kabla hata hakijatimiza miezi miwili. Baada ya mvutano na rufaa, kilipewa leseni na kuanza kazi upya Februari 2002.

Ripoti iliyotolewa na shirika la Internet Society mwaka 2012 ilionyesha kwamba KIXP kilipunguza muda wa safari za data za humu nchini kutoka kati ya milisekunde 200 na 600 hadi kati ya 2 na 10, na kuziokolea kampuni za intaneti karibu dola milioni 1.5 kwa mwaka katika gharama za laini za kimataifa. Mabishano ya kisheria yalikuwa ya maneno, lakini hoja iliyobaki imesimama ni ile iliyoweza kupimwa.

Somo hilo halijapitwa na wakati. Hata leo mteja akifanya traceroute kwenda tovuti iliyo na seva zake Nairobi, kisha akaona pakiti zake zikipitia Ulaya au Afrika Kusini, ana haki ya kuuliza kwa nini kampuni yake inashindwa kukabidhi mzigo nyumbani. Huenda ni uamuzi wa kibiashara, huenda ni kosa la mpangilio. Vyovyote vile, si kosa la kompyuta yake.

Makosa ya wasomaji

Hata hivyo, chombo kizuri mikononi mwa asiyekijua huzaa shutuma za uongo. Wahandisi wa kampuni za intaneti hulalamika, na kwa haki, kwamba hupokea matokeo ya traceroute kutoka kwa wateja wenye hasira ambao wameyasoma kinyume.

Kosa la kwanza ni kuogopa nyota. Mahali ambapo ruta haikujibu, programu huchapa alama za nyota badala ya muda. Wengi hudhani kwamba hapo ndipo laini ilipokatika. Kwa kawaida ruta hiyo imeagizwa tu isijibu maswali ya aina hiyo, ilhali inaendelea kupitisha pakiti za wengine kama kawaida. Iwapo vituo vinavyofuata vinajibu, nyota hizo hazina maana yoyote.

Kosa la pili ni kukilaumu kituo kimoja kilichochelewa. Ruta hutanguliza kazi ya kupitisha pakiti, na hujibu maswali inapopata nafasi. Tuseme kituo cha nne kimejibu baada ya milisekunde 180, lakini cha tano, cha sita na cha mwisho vimejibu baada ya 14. Hakuna tatizo katika kituo cha nne, kwa kuwa pakiti zilizofika mbele yake zilikipitia na hazikucheleweshwa. Ucheleweshaji wa kweli hauishii pale ulipoanza. Ukianzia kituo cha nne, vituo vyote vinavyofuata hubeba mzigo huo hadi mwisho.

Tena si kila ongezeko ni kasoro. Muda ukiruka kutoka milisekunde 15 hadi 140 kati ya kituo kilicho Mombasa na kilicho Ulaya, hiyo ni bahari. Lakini ukiruka hivyo kati ya vituo viwili vilivyo Nairobi, na kubaki juu hadi mwisho, kuna foleni au hitilafu inayohitaji maelezo.

Kosa la tatu ni kusahau njia ya kurudi. Traceroute huonyesha vituo vya kwenda pekee, ilhali muda unaopimwa ni wa kwenda na kurudi. Majibu yanaweza kurejea kwa njia tofauti kabisa, hata kupitia kebo nyingine na kampuni nyingine. Kwa sababu hiyo, wahandisi waangalifu huomba vipimo viwili, kimoja kutoka kwa mteja kwenda kwenye seva, na kingine kutoka kwenye seva kwenda kwa mteja.

La nne ni kutegemea kipimo kimoja. Ruta kubwa hugawanya mizigo katika njia kadhaa sambamba, na kipimo kimoja kinaweza kuchanganya vituo vya njia mbili na kuchora safari isiyokuwepo. Programu ya mtr, iliyoandikwa na Matt Kimball mwaka 1997, hupunguza tatizo la kipimo cha mara moja kwa kurudia uchunguzi mamia ya mara na kuonyesha asilimia ya pakiti zilizopotea kwa kila kituo. Hapa pia kanuni ni ile ile: upotevu unaoonekana katika kituo cha kati pekee na kutoweka mbele yake si upotevu.

Kasi na hadaa zake

Kipimo cha pili ambacho wateja hukitegemea ni cha kasi, yaani kiasi cha data kinachopita kwa sekunde. Huduma kama Speedtest ya kampuni ya Ookla, iliyoanza mwaka 2006, hutumiwa na watu wengi kiasi kwamba picha za matokeo yake zimekuwa ushahidi wa kawaida katika ugomvi kati ya mteja na kampuni.

Ugomvi mwingine huzuka kwa sababu ya vipimo vyenyewe. Kampuni huuza megabiti, ilhali kompyuta nyingi huonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Laini ya megabiti 10 kwa sekunde, ikifanya kazi kikamilifu, hupakua megabaiti 1.25 kwa sekunde. Filamu ya gigabaiti moja itahitaji zaidi ya dakika 13. Mteja anayeona 1.2 kwenye skrini na kudhani ameibiwa hajaibiwa.

Lakini kampuni nazo zina pa kujifichia. Programu za kupima kasi kwa kawaida huchagua seva iliyo karibu, na mara nyingi seva hiyo imo ndani ya mtandao wa kampuni yenyewe au umbali mfupi kutoka hapo. Matokeo yanaweza kumeremeta huku laini ya kwenda nje ya nchi ikiwa imejaa pomoni. Ni kama kupima kasi ya gari ndani ya uwanja wa karakana, kisha kutangaza kwamba barabara ya Mombasa haina msongamano.

Njia ya kuondoa hadaa hiyo ni kupima mara mbili, kwa seva iliyo Nairobi na kwa seva iliyo Ulaya au Afrika Kusini. Iwapo ya Nairobi ni nzuri na ya ng'ambo ni mbovu, tatizo liko nje ya mtaa wa mteja. Iwapo zote ni mbovu, liko karibu naye. Huduma ya Fast.com, iliyoanzishwa na Netflix mwaka 2016, hupima kasi kutoka kwa seva zilezile zinazosambaza filamu zake, jambo linaloifanya iwe vigumu kwa kampuni kupendelea kipimo bila kupendelea pia huduma yenyewe. Mradi wa M-Lab, ulioanza mwaka 2009, huchapisha matokeo yake hadharani ili watafiti wayachunguze.

Kuna pia uhusiano kati ya muda na kasi ambao wateja wengi hawaujui. Kanuni ya TCP, inayosimamia sehemu kubwa ya data ya intaneti, humruhusu mtumaji kutuma kiasi fulani kisha asubiri thibitisho kabla ya kuendelea. Thibitisho likichelewa, kazi husimama. Kwa kiasi cha kilobaiti 64, kilichokuwa kikomo cha awali, laini ya setilaiti yenye ucheleweshaji wa milisekunde 600 haikuweza kumpa mtumiaji hata megabiti moja kwa sekunde kwa upakuaji mmoja, hata kama ilikuwa na nafasi ya megabiti 100. Kikomo hicho kilipanuliwa na kanuni za mwaka 1992, lakini upotevu wa pakiti ungali unauma.

Hesabu zilizochapishwa mwaka 1997 na Matthew Mathis na wenzake zinaonyesha ukali wake. Katika TCP ya kawaida ya wakati huo, iwapo pakiti moja kati ya kila 100 inapotea na safari inachukua milisekunde 150, upakuaji mmoja haufikii hata megabiti moja kwa sekunde. Kwa upotevu uo huo katika safari ya milisekunde 10, kasi huzidi megabiti 14. Mbinu mpya zimepunguza adhabu hiyo, ila hazijaifuta. Ndiyo maana hitilafu ndogo isiyotambulika mtu anaposoma gazeti la Nairobi inaweza kumwangusha kabisa anayefanya kazi na seva za ng'ambo. Na kwa kuwa baadhi ya programu za kupima kasi hufungua njia nyingi kwa pamoja, zinaweza kuficha upotevu ambao upakuaji mmoja ungeufichua.

Utaratibu wa kupima

Uchunguzi wa haki huanzia nyumbani. Hatua ya kwanza ni kuunganisha kompyuta na kifaa cha kampuni kwa waya na kuiacha Wi-Fi, kwa sababu kuta za mawe na vifaa vya majirani wa ghorofa huvuruga mawimbi, na kosa hilo si la kampuni. Pili ni kutuma ping kwa kifaa hicho. Jibu linapaswa kuja kwa milisekunde moja au mbili. Likiyumbayumba, tatizo limo ndani ya nyumba.

Hatua ya tatu ni ping kwa kituo cha kwanza cha kampuni, kinachoonekana katika mstari wa pili au wa tatu wa traceroute. Ya nne ni traceroute kwa tovuti iliyo nchini na nyingine iliyo nje. Ya tano ni vipimo vya kasi kwa seva za karibu na za mbali. Ya sita, inayopuuzwa zaidi, ni kurudia yote alfajiri, mchana na saa tatu usiku, kwa siku kadhaa, na kuandika tarehe na saa. Laini iliyo nzuri alfajiri na mbovu kila usiku haina kasoro ya kiufundi. Kilichopo ni kampuni iliyouza nafasi kwa wateja wengi kuliko uwezo wake.

Jaribio moja zaidi linafaa kufanywa. Ping iachwe ikiendelea huku mtu mwingine nyumbani akipakia video kubwa. Muda ukipanda kutoka milisekunde 20 hadi 400, kifaa kinalimbikiza pakiti katika foleni ndefu. Tatizo hilo lilitangazwa sana na mhandisi Jim Gettys kuanzia mwaka 2010, na ndilo huvunja mikutano ya video katika nyumba ambazo vipimo vya kasi huonyesha kila kitu ni shwari.

Inafaa pia kutofautisha njia na mwisho wa njia. Julai 2023, jukwaa la eCitizen liliposhambuliwa kwa wimbi la maombi bandia, laini za wananchi hazikuwa na kasoro. Seva ndizo zilizozidiwa. Kukimbilia kuilaumu kampuni ya intaneti katika hali kama hiyo ni kumlaumu dereva kwa kuwa duka limefungwa.

Swali la Juni 25

Vipimo hivi hupata uzito wa kisiasa pale intaneti inapodorora wakati taifa linapotazamana. Juni 24, 2024, CA ilitangaza kwamba haikuwa na nia yoyote ya kuzima intaneti wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Kesho yake alasiri, siku ambayo waandamanaji waliingia Bungeni, shirika la NetBlocks, linalofuatilia hali ya mitandao duniani, liliripoti hitilafu kubwa nchini. Kampuni kubwa za simu zilitaja matatizo ya kebo za baharini. Watetezi wa haki walishuku kwamba mkono wa binadamu ulihusika.

Kila upande ulikuwa na hoja. Hitilafu ilionekana pia katika nchi jirani, zikiwemo Uganda na Burundi, jambo linaloafikiana na mkasa wa kebo. Kwa upande mwingine, wakati wenyewe uliwafanya wananchi wengi washindwe kuamini kuwa ilikuwa sadfa. Ila kinachofaa kuzingatiwa ni kwamba nadharia hizo mbili huacha alama tofauti katika vipimo. Kebo ikikatika, vituo vya njia hubadilika, muda wa safari za nje hupanda, na data inayobadilishwa KIXP huendelea kama kawaida. Huduma ikibanwa kwa makusudi, njia hubaki ile ile, lakini kasi ya tovuti fulani au ya aina fulani ya laini huporomoka huku nyingine zikipeta.

Traceroute zilizofanywa saa hizo kutoka kaunti mbalimbali, kwenye laini za simu na za faiba, zikiwa na saa kamili, zingelisogeza mbele swali hilo kuliko taarifa kumi za vyombo vya habari. Hadi sasa mjadala umeendeshwa zaidi kwa kuaminiana na kutoaminiana. Mei 2025 Mahakama Kuu ilitoa maagizo ya muda ya kuzuia kuzimwa kwa intaneti. Maagizo kama hayo hayawezi kutekelezwa iwapo hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba yamekiukwa.

Haki ya mteja

Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na huduma hizo, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Kwa mnunuzi wa unga, kasoro huonekana kwa macho. Kwa mnunuzi wa intaneti, kasoro haionekani bila kipimo, na anayemiliki vipimo vingi ni muuzaji.

Ni kweli kampuni zina mzigo wao. Nyaya hukatwa na wajenzi wa barabara, huibwa na wanaodhani ni shaba, na nanga za meli hazina huruma. Februari 2012, meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga mahali palipokatazwa na kuikata kebo ya TEAMS. Hakuna mteja mwenye busara anayeidai kampuni iizuie meli. Anachoweza kuidai ni kwamba iwe imenunua nafasi katika zaidi ya kebo moja, na imwambie ukweli ni ipi iliyokatika.

Mambo matatu yangepunguza ugomvi huu bila gharama kubwa. Kwanza, kampuni ziandike katika mikataba si kasi ya juu pekee, ile inayotanguliwa na neno "hadi", bali pia kasi ya chini ya saa za msongamano na kiwango cha upotevu wa pakiti. Pili, CA iweke vifaa huru vya kupima katika kaunti zote, na kuchapisha matokeo kila siku badala ya kungoja ripoti za vipindi virefu. Mfano upo: mradi wa RIPE Atlas, ulioanza mwaka 2010, hutumia vifaa vidogo vinavyowekwa na watu wa kujitolea katika nyumba na ofisi kote duniani, na ping na traceroute zake husomwa na yeyote. Tatu, malalamishi ya mteja aliyeambatanisha vipimo vya siku kadhaa yajibiwe kwa vipimo, si kwa agizo la kuzima kifaa na kukiwasha.

Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai. Kampuni inayoogopa kupimwa haiwezi kuboresha huduma zake, na mdhibiti asiye na takwimu zake mwenyewe hulazimika kusema yale aliyoambiwa na anaowadhibiti. Mteja naye anayelalamika bila kupima huwapa wote wawili sababu ya kutomsikiliza. Kebo zitaendelea kukatika. Kinachoweza kubadilika ni kwamba siku zitakapokatika, na siku zitakaposingiziwa, Wakenya waweze kutofautisha mambo hayo mawili.